Fusae na Jiko Lililotupwa Kwenye Theluji

Saa moja na nusu asubuhi, theluji ya mji wa Sabae, Japani, imefika magotini, na Fusae Yamagishi amesimama mlangoni mwa chumba cha kufutia fremu za miwani akinyoosha kidole kama anayemshtaki mtu.

"Vifuniko, vimefungwa," anasema kwa sauti. Kidole kinahama hadi kwenye waya unaopeleka umeme ardhini. "Waya wa ethi, umeshika. Feni, inazunguka. Simu, ziko nje." Anavuta pumzi, kisha anaelekeza kidole kwenye kona isiyo na kitu. "Jiko, halipo."

"Halipo," wanaitikia wanawake wanane waliopanga mstari nyuma yake.

Simu zinaingia moja moja kwenye kapu lililo juu ya kigoda cha ukumbini. Ya Fusae inaingia mwisho, na leo mkono wake unachelewa kuiachia. Saa nne matokeo yatawekwa kwenye tovuti ya ofisi ya mitihani. Namba yake ni mia moja arobaini na saba. Kazi itasimama saa sita kwa chakula, na kabla ya hapo simu haitaguswa.

"Dada Fusae, si utoke mara moja tu uangalie?" anauliza Mutsumi, ambaye meza yake inapakana na ya Fusae. "Wewe ndiye uliyeweka hiyo sheria. Jipe ruhusa."

"Ndiyo maana siwezi."

Kiwanda hiki cha familia ya Niwata kinatengeneza fremu za miwani. Kabla fremu haijapakwa rangi lazima ioshwe na kufutwa kwa alkoholi ya isopropili, ile ile ambayo muuguzi hukupaka mkononi kabla ya sindano. Inakula mafuta ya vidole, inachanganyika na maji bila ugomvi, na ikikauka haiachi alama. Alama ya kidole gumba ikibaki kwenye fremu, rangi itabanduka kabla mteja hajazoea sura yake mpya. Fusae hufuta fremu mia nne kwa siku na analipwa kwa saa, yeni elfu moja na themanini. Ameifanya kazi hii miaka ishirini na saba.

Ngozi ya viganja vyake inasimulia ile miaka ya kwanza, kabla glavu hazijawa lazima. Imekauka na kupasuka pembeni mwa kucha, na krimu ya kila usiku haijaishinda. "Zamani tukiumwa kichwa tulifikiri ni uchovu," anasema. "Tulifungua dirisha, tukanywa chai, tukarudi. Kumbe tulikuwa tunakunywa mvuke."

Nyuma ya kiwanda kuna ghala dogo la matofali lenye mapipa matatu, lita mia mbili kila moja. Kwa sheria ya hapa, ukipita lita mia nne za alkoholi lazima awepo mtu mwenye leseni, na jina lake liandikwe kwenye kibao cha mlango wa ghala. Kwa miaka thelathini jina hilo limekuwa la Mzee Kubodera. Mwisho wa mwezi wa tatu anastaafu, magoti yamemkataa.

Hakuna mwingine mwenye leseni. Bosi amekwisha kuwaambia wafanyakazi wazi, bila kuficha na bila furaha: mwezi wa nne ukifika bila jina jipya, mapipa yataondoka, chumba kitafungwa, na fremu zitapelekwa mji mwingine kufutwa. Wanawake tisa watarudi nyumbani.

Ndiyo sababu Fusae, mwenye umri wa miaka hamsini na minane na aliyeacha shule akiwa na kumi na tano, alinunua kitabu na penseli. Mtihani una maswali thelathini na tano ya kuchagua jibu, katika mafungu matatu: sheria, fizikia na kemia, na tabia za vimiminika vyenyewe. Ukianguka fungu moja, umeanguka yote. Mara mbili alilipa yeni elfu tano na mia tatu, na mara mbili fizikia ilimwangusha kwa swali moja.

"Watu walinipa pole kama nimefiwa," anasema. "Mimi nikawaambia, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini nilikwenda chooni nikalia."

Kilichomshinda ni kitu kimoja. Kitabu kilisema alkoholi hii huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto ikifika nyuzi kumi na mbili hivi. Namba aliikariri. Maana yake haikumwingia. Swali likigeuzwa kidogo tu, namba inamkimbia.

Kisha ikaja asubuhi ya jiko.

Ilikuwa Januari ya mwaka jana, na ndani ya chumba kipimajoto kilisoma nyuzi sita. Wanawake walikuwa wakipuliza vidole ili viweze kushika kitambaa. Fusae alikuwa ghalani akijaza kopo la siku. Bibi Kinuyo Niwata, mjane wa mwanzilishi na mama wa bosi, aliwaonea huruma. Ana miaka themanini na nane. Alilikokota jiko la mafuta ya taa kutoka jikoni kwake, birika juu yake, akaliwasha katikati ya meza na meza, hatua tatu kutoka kwenye trei za alkoholi zilizo wazi.

"Nani angemkataza?" anauliza Mutsumi. "Bibi mwenyewe kaja na jiko. Tulisema asante, tukasogeza mikono."

Fusae alirudi, akaona mwanga wa rangi ya chungwa kupitia kioo cha mlango. Kopo aliliweka chini, nje. Aliingia akafunika trei, akawafukuza wote nje, akazima jiko, akalinyanyua na joto lake kwa mikono ya glavu na kulitupa uani. Birika lilifuka mvuke ndani ya theluji.

Halafu, mbele ya watu wote, akamfokea mama mwenye kiwanda: "Bibi, unataka kutuua?"

Hapa mtu hamfokei hata mdogo wake mbele ya watu. Bibi Kinuyo aliinamisha kichwa, akaenda nyumbani polepole bila kofia. Kwa siku kumi na moja hakutia mguu kiwandani.

"Nilijua nilikuwa sahihi," anasema. "Kuwa sahihi hakukunisaidia kulala. Yule mama alitupenda, nami nikamwita muuaji."

Siku ya kumi na mbili alinunua boksi la mizu-yokan, ile tamu ya maharage inayoliwa baridi, ambayo watu wa mkoa huu wa Fukui huila theluji ikianguka huku miguu imefunikwa blanketi lenye joto. Alipiga magoti mlangoni kwa Bibi, akaomba radhi kwa kumfokea, si kwa kulitoa jiko.

Bibi alimwachia apige magoti muda wa kutosha. Kisha akasema, "Ingia, usiniletee baridi. Haya, nieleze. Kosa langu lilikuwa nini? Jiko lilikuwa mbali na trei. Mimi si mtoto, najua moto."

"Mvuke wa alkoholi ni mzito kuliko hewa, Bibi. Haupandi juu. Unatambaa sakafuni mpaka unakuta moto, halafu moto unarudi nao. Ndiyo maana feni yetu iko chini."

"Sawa. Lakini miaka yote mnafuta, na cheche za umeme wa sweta wakati wa baridi hazikosi. Mbona hatujaungua?"

Fusae alifungua mdomo kutaja nyuzi kumi na mbili, akaona aibu kutaja kitu asichokielewa. Bibi akakata kipande cha mizu-yokan, akatafuna, akafikiri.

"Marehemu mume wangu," akasema, "pombe yake ya mchele, sake, ikiwa baridi aliinywa mbele yangu nisijue. Akiipasha, nilijua nikiwa chumba cha tatu. Inapanda puani mpaka unakohoa. Sake ni ile ile."

Fusae anasema alikiacha kijiti chake cha kulia kwenye sahani. Sake baridi hulala kikombeni. Ya moto huinuka. Katika chumba chenye nyuzi sita, alkoholi ilikuwa imelala, na baridi ile waliyoilaani kila asubuhi ilikuwa upande wao. Jiko lingepandisha chumba hadi nyuzi ishirini, kupita zile kumi na mbili. Bibi hakuleta moto tu. Alileta moto, na akaiamsha alkoholi ije kuufuata. Fusae akamweleza hivyo.

"Kwa hiyo niliipasha," alisema Bibi, taratibu.

"Uliipasha, Bibi."

"Basi ulikuwa na haki ya kunifokea. Ila usizoee."

Tangu siku hiyo kidole cha Fusae huishia kwenye kona tupu, na chumba kina bomba la maji ya moto linalopita ukutani kutoka tangi lililo jengo jingine. Feni huachwa ikizunguka hata wakati wa baridi kali, kwa sababu chumba sasa kina joto, na Fusae haisahau sake. Sweta za nyuzi za plastiki zimepigwa marufuku, ni pamba tupu. Vitambaa vilivyolowa vinalala kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko.

Mtihani wa tatu alifanya wiki tatu zilizopita. Swali la ishirini na mbili lilihusu sake, ingawa walioliandika hawakujua. "Nilicheka peke yangu," anasema. "Msimamizi akanitazama kama naibia."

Saa nne inapita. Ukutani saa inasikika. Fusae anafuta fremu, anageuza, anafuta, na hainui macho. Mutsumi amefuta fremu moja mara tatu.

Huko ukumbini, karibu na kapu, Bibi Kinuyo ameketi kwenye kiti cha kukunja na blanketi mapajani. Ameandika namba kwenye kiganja kwa wino. Mwanawe amempa karatasi aliyoichapisha ofisini, naye ameikunja mara mbili na hatamwita Fusae kabla ya saa sita, maana kazi ni kazi.

Saa sita kengele inalia. Vifuniko vinafungwa, glavu zinavuliwa, mikono inaoshwa. Fusae anatoka wa mwisho. Mzee Kubodera naye amejikongoja kutoka ghalani, anajifanya anatafuta bisibisi.

Bibi anasimama. Anaikunjua karatasi, anakishusha kidole kwenye safu ya namba, polepole, hadi kinaposimama. Kisha anainua sauti, kwa namna ile ile ya asubuhi.

"Mia moja arobaini na saba. Ipo."

"Ipo," wanaitikia wanane.

Fusae anakaa kwenye kigoda cha simu, juu ya simu za watu, na hakuna anayemwambia ainuke.

Mwezi wa nne jina lake litaandikwa kwenye kibao cha ghala. Lakini tayari amechukua fomu mbili za mtihani wa mwezi wa sita, moja ameshampa Mutsumi. Jina moja mlangoni halitoshi, anasema, kwa kuwa yeye pia ana magoti.

Fomu ya pili bado iko mfukoni. Anamtafuta mtu wa kumpa, na si lazima awe hodari wa fizikia.

"Fizikia hufundishwa," anasema. "Nataka mtu ambaye, siku nikichoka nikaingia na jiko, atanifokea mimi."