Umeacha Moja Hapo

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi gari la matangazo hupita mitaani kwetu Nachingwea kutukumbusha usafi. Maduka hufungwa mpaka saa nne asubuhi, na wenyewe hukaa barazani wakichezea simu, wakisubiri muda uishe. Uwanja wa wazi nyuma ya stendi tulikuwa tunausafisha watu wawili tu, mimi na binamu yangu, wanawake wazima tulioanza kulalamikiwa na magoti.

Tulianza tukiwa wengi. Wakapungua mmoja mmoja, huyu shamba, huyu mgonjwa, huyu kachoka tu, na huyo wa mwisho ndiye aliyesema kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka siku nyingi. Unaokota leo, kesho chupa za maji zimerudi, na vifuko vya karanga, na pampasi za watoto wa watu. Msimu wa korosho ndiyo usiseme, kila mwenye hela ana soda mkononi. Ningekuwa nimeshaacha zamani. Nilikwenda kwa ajili ya binamu yangu, basi.

Kwetu mabinamu ni watani, na yule alizaliwa na ulimi. Taka tulizitia kwenye mifuko mitupu ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kwa hiyo kila nikiinama napiga chafya. Yeye nyuma yangu: "Mtani, umeacha moja hapo! Macho umeyaweka rehani?" Narudi naiokota huku namtukana. Anacheka mpaka anakaa chini.

Mwezi mmoja niliacha chupa tatu, hakusema kitu. Nikageuka. Alikuwa amekalia mfuko wake, mkono kifuani. Niliogopa, lakini mdomoni ulitoka utani: "Leo vipi, umemeza ufagio?"

"Nimechoka, mtani," akasema.

Maneno hayo yalikuwa yangu miaka yote. Sikupenda kuyasikia kwake.

Alifia kwa kaka yake, Likunja, upande wa Ruangwa. Nilifika wanaume wameshakwenda makaburini. Mtani hapigi kilio msibani. Kazi yake ni kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Nikajifunga kanga yake, nikaomba mfuko wa salfa, nikapita katikati ya wanawake nimepinda mgongo kama yeye, nikiokota chupa za maji miguuni mwao. "We mama, umeacha moja hapo! Unamwachia mumeo?" Dada yake alicheka huku machozi yanamtiririka. Wakacheka wote mkekani. Kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao, na chupa nyingine zikaanza kuanguka.

Niliendelea kuokota, maana mikono ilishazoea. Nilizunguka ua mzima, mgongo unaniuma kwelikweli sasa, si wa kuigiza tena. Nilipofika mlangoni pa chumba alichofia, niliacha chupa moja makusudi, mahali ambapo hata kipofu angeikanyaga. Nikaipa mgongo, nikasimama.

Jikoni walikuwa wanasugua masufuria. Mtu aliita mtoto alete maji. Nilisimama hivyo muda mrefu, mfuko mkononi, na hakuna aliyeniambia nimeacha.

Nikageuka, nikaiokota mwenyewe. Hapo nikalia, utani ukanishinda.