Niliomba égaliseur ya redio, nikaletewa ya muziki, na redio ikapona

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe, sikuyasikia kwa jirani. Atakayedhani nimetia chumvi aniulize hapa hapa, nitamjibu kwa hesabu.

Kiswahili changu ni cha huku kwetu, mnivumilie. Mimi mbona chenu nakivumilia!

Mimi ni mama enjenia wa redio. Sijidai, ila hapa mjini ukitaka redio iongee, watu watakuonyesha mlango wangu.

Twende kazi.

Ng'ambo ya ghuba ya ziwa letu, kwenye kijiji kilicho chini ya milima, kuna kituo cha afya. Muuguzi wake tumuite mama Espérance. Ana kimashine cha kupima wajawazito, kinachoonyesha picha ya mtoto tumboni. Akimpima mtu, anatuma picha kwa redio yetu mpaka kwa daktari huku mjini, na daktari anamjibu: huyu atazalia hapo, huyu apande boti sasa hivi. Network ya simu kule haifiki. Ni redio yetu au bahati nasibu.

Shida ikawa batri. Asubuhi redio iko safi, jua likigeuka tu, kimya. Mama akishikwa na uchungu mchana, basi, mama Espérance abaki anakisia.

Mkubwa wa mradi wetu wa redio akasema wazi: batri ikizima tena, anang'oa mitambo yote na kuipeleka kwingine. Roho iliniuma. Nilijua kile kituo hakina njia nyingine.

Sasa niwaeleze kwa nini batri ilikuwa inaliwa, maana uzi wote uko hapa.

Redio yetu haitumi kwa sauti moja. Inagawa ujumbe kwenye sauti nyembamba nyingi zinazosafiri pamoja, kama kwaya. Njiani nyingine zinafifia, nyingine zinavimba. Zikifika, code ndani ya kompyuta ndogo ya redio inazisawazisha. Code hiyo ndiyo égaliseur, nyie naona mnaandika equalizer.

Kwa kawaida ni kazi rahisi: kila sauti unaigawanya kwa namba yake, umemaliza. Lakini kwetu milima inaingia ziwani kama ukuta, inarudisha mwangwi. Mwangwi unachelewa, unaangukia neno linalofuata, sauti zote zinachanganyikana.

Kwa hiyo nilikuwa nimeandika égaliseur nzito, inayopiga hesabu ya sauti zote kwa pamoja, kila moja dhidi ya wenzake. Wakuu, ilikuwa hesabu tamu! Ila kompyuta ilikuwa inachemka utadhani iko jikoni, na batri ndiyo kuni zake.

Siku moja ofisini nikalalamika mbele ya papa Josué, anayetufanyia manunuzi. Nikamwambia, "Papa, adui yetu ni hii égaliseur. Tungepata nyepesi, tungepona."

Akatoka. Baadaye akarudi kutoka sokoni Birere na katoni begani.

"Mama enjenia, njo hii égaliseur uliomba. Ni nyepesi kabisa, hata mutoto anaweza beba."

Kufungua, ni égaliseur ya muziki! Ile yenye safu ya vishikio vya kupandisha na kushusha, kila kimoja na sauti yake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Papa Josué, hii si ya orkestra?"

Akanuna. "Si njo uliomba? Kule Birere ukimuambia mutu yeyote égaliseur, anakuonyesha hii!"

Na kweli, Goma nzima égaliseur ni ile. Mwenye duka akakataa kuipokea tena, basi tukaiazimisha kanisani kwetu.

Hapo kanisani mimi ni mukalimani. Muhubiri anatoa neno kwa Kifaransa, mimi naligeuza kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Kanisa ni la mbao na mabati, mwangwi wake msiniulize.

Jumapili ile muhubiri alikuwa mgeni, na mdomo wake una haraka. Fundi wa sauti akahangaika na vishikio, hiki juu, hiki chini. Sauti zikawa nzuri, lakini maneno yakabaki uji mtupu. Watu wakaanza kutazamana.

Nikafanya tunavyofanya sisi wakalimani wa kanisa la mabati. Nikamshika muhubiri mkono, nikangoja bati linyamaze, ndipo nikasema langu. Akaelewa, naye akaanza kungoja. Kila neno likasikika, na vishikio vya fundi vikatosha kabisa.

Mara nikaganda na maikrofoni mkononi. Muhubiri kamaliza sentensi, mimi niko kimya. Mama mmoja wa mbele akauliza, "Mama, Roho amekushukia?"

Nafasi, wakuu! Nafasi!

Hata redio yetu ina nafasi ya kungoja kati ya neno na neno. Tunaijaza kwa kurudia mkia wa neno lenyewe, ili mwangwi ufie humo. Ila yetu tuliiacha vile ilivyokuja na software, imepimwa kwa mwangwi wa ndani ya nyumba. Milima yetu ni ukuta wa sebule kweli?

Jumatatu nikaipanua mpaka mwangwi wa mlima ukaenea humo wote. Ile hesabu yangu tamu nikaifuta, na iliniuma, nisiwadanganye. Nikarudisha ile nyepesi, kila sauti na namba yake, kama vishikio vya fundi. Picha inachelewa kidogo kufika, maana kungoja kuna bei yake. Lakini kompyuta ikapoa.

Tukavuka na boti, tukaiweka code mpya kituoni, tukarudi.

Kesho yake mkubwa akaja kukaa ofisini mbele ya redio, mikono kifuani. Asubuhi ikapita. Jua likageuka. 

Redio ikaita. Nikauliza haraka, "Mama Espérance, kuna mugonjwa?"

"Hapana, mama. Hakuna mugonjwa. Kila siku saa hii redio inakuwa imekufa. Leo nimeona iko nzima, nikasema niwasalimie tu. Mumeshinda muzuri?"

Machozi, wakuu, machozi ya enjenia mzima.

Mkubwa akafungua mikono. "Muambie tumeshinda muzuri. Na muambie mitambo inabaki."

Funzo langu ni hili: mashine ikilemewa, usikimbilie kuiongezea akili. Angalia kwanza kama umeiachia nafasi ya kupumua.

Najua kuna wataalamu humu watasema nafasi ndefu inakula mwendo. Inakula, ndiyo. Karibuni tubishane, namba ninazo. Na nyie mnaofunga redio kwenye mabonde au kati ya maghorofa, mwangwi wenu mnaufanyaje?