Moshi wa Jioni Katika Picha ya Mrusi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kusafisha picha kwa mate. Msicheke, wanangu. Unazungushia pamba kwenye kijiti, unailowesha kwa ulimi, unafuta mahali padogo kama ukucha, kisha unaitupa. Mate hutoa uchafu bila kuumiza rangi. Nilitoka Njombe nikijua kufua na kupiga pasi. Karakana ile ya Sterling, huku Marekani, ya kutengeneza picha kuukuu, ndiyo iliyonipa ufundi.

Msimamizi wetu alikuwa Papa Bahati, Mkongo wa Bukavu, mwenye kelele nyingi na moyo mweupe. Juu yake alikuwepo bosi, mzee Mmarekani asiye na maneno.

Picha nyingi zimepita mikononi mwangu, ila moja tu ilinitoa machozi. Aliichora Mrusi: mashamba yamevunwa, njia ya matope, anga limebaki na wekundu kidogo, na kwa mbali kijumba kimoja. Mtu hakuna. Jamani, yule bwana alijua kuchora! Ukiitazama, baridi ya jioni ile inakuingia kwenye viatu.

Juu ya paa ulilala utando wa kijivu. Bosi alisema ni masizi, yatoke kabla mwenye picha hajaja kesho yake. Mate yalishindwa, akanipa dawa kali inayovua kila kitu. Pamba ikiwa mkononi, mkono ukagoma.

"Papa Bahati, huu si uchafu. Ni moshi."

"Mama, moshi inapandaka juu! Hii imelala. Patron amesema itoke, itoke tu!"

"Kwenye baridi haupandi. Kwetu jioni unalala hivi hivi. Na nyumba isiyotoa moshi jioni, jirani huenda kupiga hodi, maana kuna mgonjwa au kuna msiba. Nikiufuta huu, nimemuua aliyemo ndani."

Bosi akatoka ofisini kutusikiliza. Niliweka pamba chini nikingoja kufukuzwa, na kazi ile ndiyo iliyolisha watoto wangu. Hakunigombeza. Alizima taa, akawasha ile ya zambarau, inayofanya vanishi kuukuu ing'ae kijani. Vanishi hupakwa mwisho, juu ya rangi, na uchafu wa miaka hukaa juu ya vanishi, ukaziba mng'ao huo. Kijani kilipita juu ya kijumba bila doa. Ule ukijivu ulikuwa chini yake, kazi ya mchoraji mwenyewe.

"Kuanzia leo," bosi akasema, "hakuna picha itakayotiwa dawa kabla Mama hajaitazama."

Nikaitazama kila moja mpaka nilipostaafu.

Sasa naishi mji wa Bowie, mbali na Sterling, peke yangu. Mume wangu alishatangulia, watoto wametawanyika, na jiko langu ni la umeme. Lakini kila jioni giza likianza kuingia, Papa Bahati hunipigia simu.

"Mama, moshi inatoka?"

"Inatoka, baba. Karibu ugali."

Juzi nilikuwa bafuni, simu sikuisikia, wala sikuitazama tena. Saa nzima ya foleni kutoka Sterling, na huyo hapo mlangoni kwangu, jasho linamtiririka, anagonga kwa mikono miwili: "Hodi! Mama, hodi!"