Mama Aliyemwonya Mfalme

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja wa Schaerbeek, huku ughaibuni, niliona mtu akifukuzwa kwa kosa la kuielewa tamthilia.

Ilikuwa kazi ya yule Mwingereza wa kale anayeitwa mfalme wa waandishi wa tamthilia, ikichezwa kwa Kifaransa. Mbele yangu aliketi mama wa Kikongo, kitenge kipya, mkoba mapajani. Jukwaani mfalme alipomkumbatia mnafiki wake, mama alishindwa kuvumilia. Akasimama, kidole mbele: "Papa, angalia nyuma! Ule muntu atakuua!"

Watu wakageuka, midomo imebinywa. Mhudumu wa ukumbi akaja ananyata na tochi, akamnong'oneza kwa Kifaransa kwamba hapa ni tiyatro, watu hunyamaza.

"Donc muntu anauawa, na mimi ninyamaze?"

Akaonyeshwa mlango. Alijifunga kitenge vizuri, bila haraka, akatoka kichwa juu.

Hasira haijanitoka mpaka leo. Mwandishi yule aliwaandikia watu waliosimama uani mbele ya jukwaa wakitafuna njugu, wakizomea waovu na kujibizana na waigizaji. Hao ndio waliomlisha. Leo wastaarabu wamemfanya maiti wa kulindwa kwa tochi, ilhali hata matanga ya kwetu yana sauti kuliko ukumbi ule. Kisha wanamtoa nje mtu pekee aliyemchukulia kuwa yu hai!

Mfalme aliuawa muda mfupi baadaye. Ukumbi mzima ulimtazama akifa, kwa adabu kabisa.