Pete Iliyojifunga Tupu

Nakumbuka tulikuwa wanne ukumbini kwetu Msambweni, miaka ya tisini ikielekea mwisho: mimi, mdogo wangu Bakari, kitinda mimba wetu Mwanaidi, na shangazi Mwanakombo, akisuka ukili wa mkeka. Wazazi wetu walikuwa wametangulia mbele ya haki. Mimi niliacha shule mapema ili hawa wawili wasome.

Bakari alikuwa amefeli mtihani wa jenetiki chuo kikuu. Alipewa nafasi moja ya kuurudia. Akishindwa, masomo yamekwisha.

"Dada, niache tu nitafute kazi hotelini Diani," akasema.

Nikamsihi anisomee somo lake. Akasoma, nami nikawa naitikia, "Eeh, naam." Shangazi akaweka ukili chini.

"Waitikia nini, nawe hufahamu? Atajuaje alipokwama, ikiwa kwako kila kitu ni naam?"

Mwanangu, maneno yale yaliniingia. Nikamwambia Bakari aanze upya.

Akaeleza kwamba plasmidi ni pete ndogo ya DNA ndani ya bakteria. Ina mahali inapoanzia kujinakili, ina jeni ya kuhimili dawa, na ina sehemu ya kukatwa ili kupachikwa jeni ngeni. Kisha bakteria hutiwa pete hiyo na kupandwa penye dawa, na asiye na pete hufa.

"Na pete ikijifunga tena tupu, bila kupachikwa kitu? Si nayo itahimili dawa?" nikamuuliza.

Swali hilo ndilo lililomwangusha Bakari mtihanini. Akaenda na kitabu chake barazani, akarudi baadaye akitabasamu. Sehemu ile ya kukatwa, akasema, imo ndani ya jeni ya rangi. Pete ikiwa tupu, jeni hiyo ni nzima, na bakteria wakilishwa sukari maalumu huota buluu. Ikipachikwa kitu, jeni huvunjika, nao huota weupe.

"Kumbe weupe ndio wenye mzigo," Mwanaidi akasema. "Basi kaka, wewe siku zote ulikuwa buluu."

Hata shangazi alicheka. Bakari akarudi chuoni, akafaulu.

Mwanangu, usimwitikie mtu kwa kumhurumia. Unayempenda mkatize, umuulize mpaka nawe ufahamu. Mola akujaalie ulimi usioona haya, na watu watakaokuvumilia.

Mimi nimebaki na deni. Bakari alipokwisha kuondoka, shangazi aliniuliza: hicho kipande cha jeni ngeni kikipachikwa kinyume, mbele nyuma, kitafanya kazi? Nikamwahidi nitamuulizia kwa Bakari. Alifariki kabla sijamletea jibu.