Ufunguo Apewe Anayetaka Kuacha

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na mlango bado umefungwa.

Watu ishirini na kitu wamekaa kwenye ngazi za jengo la duka la dawa, kila mmoja na kidato chake. Wa juu kabisa ameegemea kitasa. Wa chini kabisa, bibi mwenye miwani mizito, amekalia kiti alichoazimwa na muuza dawa. Katikati yao amesimama mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, kakumbatia furushi la vitambaa vya meza vilivyonyooka kwa pasi. Anatabasamu kama mtu asiye na habari.

"Mama Pasi, mwenye ufunguo yuko wapi?" anauliza fundi saa, ambaye kwa kazi yake hachelewi na hamsamehi anayechelewa.

"Anakuja."

"Amesema anakuja?"

"Hajasema. Lakini ufunguo anao yeye, ataupeleka wapi?"

Ngazi nzima inaguna.

Hii ni klabu ya bridji ya mtaa. Bridji ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili, wenza wakitazamana uso kwa uso. Ukikosa mwenza umekosa mchezo, hata uwe bingwa wa namna gani. Klabu haina mwajiriwa. Chai huchemshwa kwa zamu, sukari huletwa na mwenye nayo, na kodi ya chumba hutoka kwenye kopo lililowekwa karibu na mlango. Anayeiongoza kwa kujitolea, mwaka wa saba sasa, ni huyu dobi, Mama Pasi.

Siku za kazi utamkuta nyuma ya kituo cha mafuta, katika chumba cha kufulia chenye pasi mbili, makarai manne na binti yake. Wanaanza alfajiri, maana mashati ya watu wa ofisini yanatakiwa kabla hawajatoka kwao. Kupiga pasi shati moja hakufikii bei ya mkate, na msimu wa mvua, nguo zikigoma kukauka, hata hicho kidogo hukisikia kwa jirani.

"Lakini sijalala njaa, mwanangu yuko hapa ubavuni, na Jumamosi nina pa kwenda," anasema huku akigeuza kola. "Mtu ukipewa hayo halafu ukanuna, utakuwa na lako jambo."

Binti yake anacheka. "Mama ana akili ya kila kitu. Ya ufunguo tu ndiyo hana."

Anazungumzia utaratibu ambao umeifanya klabu hii ijulikane, na uongozi wa Mama Pasi ulalamikiwe. Kwingine ufunguo hushikwa na mtu wa kuaminika. Hapa hupewa yule aliyeanza kukosa, aliyeanza visingizio, anayesemwa kwamba huyo hatarudi tena.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," anaeleza Mama Pasi. "Mimi sina jembe, nina ufunguo. Mtu akijua watu wamesimama nje wanamngoja yeye, atakuja hata kwa kununa. Akishakuja, tumempata."

"Apewe mtu wa kutegemewa!" Fundi saa ameshalisema hilo mkutanoni, barabarani, na safari moja msibani.

"Mtu wa kutegemewa atakuja hata bila ufunguo," ndilo jibu la Mama Pasi siku zote.

Haifaulu kila mara. Kuna kinyozi alipewa ufunguo akahama nao mji. Siku hiyo walicheza kwenye mabenchi ya duka la dawa, karata zikipeperushwa na upepo, na kitasa kikabidi kibadilishwe. Walipomshauri Mama Pasi achonge ufunguo wa pili, alikataa kata kata. "Funguo zikiwa mbili, kila mmoja atadhani mwenzake kaenda."

Safari hii ufunguo uko kwa Mzee Breki. Ni dereva wa lori mstaafu, na jina hilo alilipata mezani: kabla hajatupa karata moja, wewe unaweza kumimina chai, ukanywa, ukaosha kikombe. Mwenza wake alikuwa mkewe. Walikaa meza ya dirishani miaka yote, yeye akifikiri, mkewe akimngoja bila kuguna. Mwanzoni mwa mwaka huu mke akafariki. Tangu mazishi, Mzee Breki hajakanyaga ngazi hizi.

"Kwenye bridji kifo kimoja kinaondoa wawili," anasema Mama Pasi, na hapa tabasamu linafifia. "Aliyebaki anakifikiria kile kiti cha mbele yake, anaona heri akae nyumbani. Marehemu alikuwa dada yangu kabisa, si wa damu lakini dada. Shemeji tumempa pole, tumempigia simu, tumemwendea. Anasema asanteni, na haji. Nilikuwa naogopa. Mtu akizoea kukaa ndani peke yake, kumtoa ni kazi."

Basi Jumatano, aliporudisha nguo za shemeji yake, aliuweka ufunguo kwenye mfuko wa kifuani wa shati la juu, akafunga kifungo. "Ningempa mkononi angenirudishia. Lakini shati lake atalivaa."

Je, kama hatalivaa leo? Mama Pasi anatazama vitambaa vyake. Fundi saa ameshatangaza kwamba mlango usipofunguliwa, Jumamosi ijayo watapiga kura kazi ya kugawa ufunguo iondoke mikononi mwa Mama Pasi. Si hilo linalomkosesha raha. "Asipokuja leo," anasema polepole, "sitajua tena cha kumfanyia."

Ujanja huu hakuubuni yeye. Aliukuta, tena uliwahi kutumika kwake. Zamani alikuwa anafua tu vitambaa vya klabu. Siku moja alivileta, meza moja ikawa imepungukiwa na mtu, na mkunga mstaafu aliyeianzisha klabu akamvutia kiti. "Nikamwambia sijui turufu ni nini. Akasema utaijua ikikupiga." Alijifunza, akanogewa. Kisha mama yake mzazi, aliyemuuguza muda mrefu, akafariki, naye akajifungia kwenye kazi. Vitambaa vya klabu akawa anavituma kwa mkono wa wengine.

Mkunga akamfuata hadi kwenye karai. Hakumbembeleza. Alilalamika tu kwamba miguu inamuuma, akaomba amfungulie mlango Jumamosi moja. Mama Pasi akaenda kufungua. Hiyo Jumamosi moja bado haijaisha.

"Yule bibi alinitoa shimoni, wala hakuniambia kwamba niko shimoni," anasema. "Kila nikipanda ngazi hizi namshukuru."

Mkunga mwenyewe ndiye huyu aliyekalia kiti cha muuza dawa. Ndiye anayeona wa kwanza.

"Huyo," anasema.

Mzee Breki anavuka barabara kwa mwendo wake uleule wa lori lenye mzigo. Amevaa shati la mistari lililonyooka, kifungo cha mfuko kimefungwa. Watu wanajibana ukutani kumpisha. Hakuna anayempa pole. Wanasema tu, "Shikamoo mzee," na yeye, "Marahaba, marahaba," hadi juu. Anafungua mfuko, anatoa ufunguo, anauingiza kitasani. Mlango unafunguka.

"Nimekuja kufungua tu," anasema bila kugeuka. "Nina shughuli zangu."

"Asante sana, shemeji," anasema Mama Pasi. "Na kufunga atafunga nani?"

Chini kule, mkunga anacheka hadi anavua miwani kuifuta. Kumbe naye alimuuliza dobi wake hivyohivyo.

Mzee Breki anautazama ufunguo, anaitazama ngazi. Anafikiri, na kwa kuwa ni yeye, anafikiri muda mrefu. Mwishowe anaingia, anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mbali na dirisha.

Hapo ndipo fundi saa, aliyekuja na mwenza wake kamili, anapomgeukia mwenza huyo. "Wewe leo chemsha chai," anamwambia. Kisha anamwendea mzee. "Mzee wangu, mimi sina mwenza. Utanisitiri?"

Walicheza hadi adhuhuri, meza ya katikati. Mzee Breki alifikiri kila karata kama kawaida yake, na fundi saa hakutazama saa yake hata mara moja. Mama Pasi alikuwa akitandika kitambaa meza ya dirishani, akakinyoosha, akakinyoosha tena, machozi yakimdondokea kwenye kitambaa alichokipiga pasi mwenyewe. "Mungu nashukuru," alisema, bila kumficha mtu. "Nashukuru sana."

Mzee alifunga mlango, akamnyooshea ufunguo. Mama Pasi akaweka mikono nyuma. Mzee akaguna, akaurudisha mfukoni, akafunga kifungo.

Mama Pasi ana mpango wa kuanzisha meza za Jumatano kwa wanaojifunza. Lakini ombi lake kubwa aliwaambia wenzake wakiteremka ngazi.

"Siku mkiona nimeanza kukosa," alisema, "pole zenu kaeni nazo. Nileteeni ufunguo."