Dengu za Sejal na Tumbo la Johari

Saa tisa alasiri, katika ua wa nyumba ya ghorofa eneo la Kisutu, Pantaleo anapapasa mgongo wa farasi jike mweupe aitwaye Johari. Anatafuta kijiti, changarawe, chochote kinachoweza kuchoma. Ngoma zimeshaanza, na bwana harusi, Akash, anatokwa na jasho chini ya kilemba.

"Kitu kidogo tu kikibaki chini ya tandiko, ataruka," anasema Pantaleo. "Na atakayepaa ni bwana harusi, si mimi."

Anatandaza blanketi la mtumba alilolichagua mwenyewe sokoni Mchikichini, analivuta nyuma kidogo ili manyoya ya farasi yalale, kisha analitua tandiko juu yake taratibu.

Mzaliwa huyu wa Newala alijifunza kutandika farasi kwenye shamba la mkonge, Lindi. Shamba lilipodorora akaja Bongo, akabeba magunia Kariakoo mpaka alipokutana na Ravindra, mfanyabiashara anayekodisha Johari kwa harusi za Wahindu wenzake. Kwa mila yao, bwana harusi huenda kwa bibi harusi akiwa juu ya farasi.

Lakini tangu serikali iruhusu biashara huria, magari kutoka Dubai yamejaa mjini, na maharusi wengi wameyakimbilia. Tena mwezi uliopita Pantaleo yalimkuta makubwa. Tandiko lilipinduka njiani, bwana harusi akaning'inia shingoni mwa farasi mbele ya wakwe zake. Ravindra akasema likitokea tena, Johari anauzwa.

Chanzo ni ujanja wa Johari. Akifungwa mkanda wa tumbo hujaza pumzi, na mkanda huonekana umekaza. Akitembea kidogo, pumzi inatoka na mkanda unalegea. Ndiyo maana Pantaleo humzungusha kwanza, kisha hukaza tena. Siku ile alikubali kuharakishwa.

"Nilijiponza mwenyewe," anasema. "Haraka haraka haina baraka, na mimi naijua methali hiyo tangu utoto!"

Leo ua umefurika wageni, hakuna pa kumzungusha. Anavuta mkanda. Johari anatuna.

"Jamani, huyu bibi ananifanyia tena!"

Hapo anajitokeza Sejal, dada yake Akash, na sahani ya dengu. Dada wa bwana harusi ndiye humlisha farasi kabla ya safari, na kwa kawaida hungoja kaka yake apande.

"Shikamoo, mzee. Nimpe sasa hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Mpe, mpe!"

Johari ananyoosha shingo, anatafuna, anashusha pumzi ndefu. Pantaleo anauwahi mkanda, unaingia matundu mawili zaidi. Anapitisha vidole chini yake kuhakikisha haumbani, anatikisa tandiko, halichezi. Akash anapanda kwa upande wa kushoto, na msafara unatoka. Ravindra, aliyekuja na uso wa kesi, anacheza mbele kuliko wote.

"Huyo hauzwi!" anapaza sauti.

Pantaleo anacheka hadi machozi yanamtoka. Sasa anathubutu kusema ombi alilokuwa nalo moyoni: Desemba bintiye Evarista anaolewa, na yeye kama baba anataka kumpeleka kanisani juu ya Johari. Ravindra anakubali papo hapo.

"Watu wa Newala wakisikia watasema baba mtu kachanganyikiwa. Waseme! Shida yangu ni moja tu. Evarista hana dada. Nani atamlisha Johari dengu?"

Sejal, sahani tupu ikiwa bado mkononi, anamshangaa.

"Mzee, si nipo mimi?"